Besi Iliyopanga Kwangu

Katika maisha yangu nimepangisha chumba mara tatu. Mpangaji wa kwanza alikuwa karani wa ngozi, akahama na kufuli langu. Wa pili alikuwa muuza chumvi, akaniachia kunguni. Wa tatu alikuwa besi, na huyo ndiye peke yake aliyekaa kwa adabu.

Nasema besi yenyewe, ala ya muziki, si mwenye besi. Mwenye besi alikuwa Mdenmark, mchimba visima, na alilala kwenye hema nje ya mji pamoja na vibarua wake na mashine yake. Ulikuwa wakati wa Waingereza, vita vikubwa vimekwisha miaka kadhaa nyuma, na sisi wa Singida mjini tulijua wazungu wa aina mbili tu: wa boma na wa misheni. Huyu hakuwa wa boma, maana alikuwa na tope mpaka masikioni. Wa misheni pia hakuwa, maana alivuta sigara na kuitukana mashine yake kwa lugha tatu. Tukamweka peke yake.

Mimi nilikuwa mjane, nakaribia arobaini, nakaa na mama yangu na kufanya biashara ya kuku. Nilinunua Shelui na Kinampanda, nikapandisha matenga kwenye lori, nikauza mjini kwa madereva waendao Dodoma. Kuku ni mali inayotembea, kwa hiyo nilimhesabu mara mbili: mara moja akiingia tengani, na mara ya pili pale muuzaji anapodhani umeshamaliza. Tabia hiyo ikanikaa mwilini. Hata leo nikipanda ngazi nahesabu, nikishuka narudia, nione kama hawajapunguza.

Alikuja jioni moja, akasimama mlangoni.

"Hodi. Shikamoo."

Nikageuka nyuma nione anamsalimu nani. Kumbe mimi, na tulikuwa karibu rika moja. Kiswahili alifundishwa na vibarua wake, nao walimwambia akitaka kuishi salama ampe shikamoo kila mtu. Nilishamsikia akimpa mtoto aliye mgongoni.

"Marahaba," nikasema. Sikuona sababu ya kukataa heshima ya bure.

"Dada, nyumba yako ina bati. Hema langu lina upepo na vumbi. Nina mgonjwa."

"Mgonjwa sipokei. Hospitali ipo."

"Si mtu. Ni besi."

Vibarua wawili wakaishusha garini. Mama akatoka kuitazama. Ilikuwa fidla iliyoachwa ikue bila kukatazwa: ndefu kuliko mimi, kiuno kimebonyea, nyuzi nne nene, na tumbo ambalo mtu angeweza kulala ndani. Mama alizoea zeze la kwetu, unalolitundika ukutani kwa msumari mmoja.

"Zeze hili," akasema kwa Kinyaturu, "lililishwa nini?"

Tukaanza kupatana. Yeye akataja shilingi. Nikamwambia shilingi nazitafuta mwenyewe kwenye kuku. Yeye ni mchimba visima na mimi nakaa Singida, basi tuongee maji. Kiangazi chetu kile, debe moja la maji lilikuwa nusu siku ya mguu.

"Madebe sita kwa wiki," nikasema.

"Sita! Besi hainywi."

"Inakalia nafasi ya kuku kumi na wawili."

"Mawili."

"Kuku kumi na wawili, bwana. Nimepima."

"Matatu."

"Muulize ikinya nani anazoa," mama akasema toka jikoni. Kiswahili alijifanya hajui, lakini kwenye mapatano hakupitwa na neno.

Tukaishia madebe manne, na yeye awe na ruhusa ya kuja kuipiga jioni na Jumapili. Niliguna kama mtu aliyeonewa. Kwa kweli matatu yalinitosha.

Basi akawa anakuja. Ananawa tope uani, anaingia chumba cha kuku, anaisimamisha besi na kuikumbatia, anaanza kuidonoa kwa vidole. Sauti yake hukuisikia kwa masikio kwanza. Uliisikia kwenye kigoda ulichokalia. Mimi nachambua mtama, mama anashona kibuyu kilichopasuka, na kigoda kinanguruma chini yetu. Kuku waliipenda. Kabla ya besi nilikuwa naokota mayai kumi na moja kwa siku. Baada ya besi yakawa kumi na manne. Nilihesabu, nikarudia, nikanyamaza. Angejua, angedai nimlipe yeye.

Kidogo kidogo akanihadithia mambo yake. Alianza kwenye mji mdogo wa kwao, akiazima besi ya mjomba wake ili apige kwenye dansi za mavuno. Alikuwa na miaka ishirini alipokwenda mji mkuu, akaingia bendi ya jazi iliyopiga ghorofani juu ya duka la samaki. Jazi, akanieleza, ni muziki ambao kila mtu anaruhusiwa kupotea mradi besi haipotei. Wakati wa vita Wajerumani walikalia nchi yao, watu wakakatazwa kutembea giza likiingia, basi dansi zikapigwa alasiri, na wao wakapiga wakinuka samaki mpaka vita vikaisha. Amani ilipokuja, cha ajabu, kazi ikapungua. Bendi zikapunguza watu, na wa kwanza kupunguzwa ni yule wa nyuma asiyeonekana, mpiga besi. Akachukua kazi ya visima Tanganyika ya miaka miwili, besi akaja nayo.

"Kwa nini hukuiuza?" nikamuuliza.

"Wewe ungeuza mama?"

Nikamtazama mama. "Inategemea anayenunua."

Mama akanirushia kipande cha kibuyu.

Jambo ambalo hakulihadithia, nililiona mwenyewe. Kidole cha tatu cha mkono wa kushoto kilikuwa kifupi. Mnyororo wa mashine ulikula ncha yake huko upande wa Nduguti, mwaka wake wa kwanza. Mkono wa kushoto ndio unaobana nyuzi. Akipiga kwangu alikuwa anakirukaruka kile kidole, anakificha, na kila mara kwenye wimbo palikuwa na tundu mahali ambapo kingegusa.

Mjini tulikuwa na bendi. Kiongozi wake alikuwa fundi cherehani wa barazani, mpiga gitaa, mtu wa suruali iliyonyooka na maneno yaliyopinda. Alikuwa na banjo, kodiani, ngoma, na kwa besi alikuwa na sanduku la chai lililochomekwa mti na kamba moja. Aliposikia kwangu kuna besi ya kweli, akaanza kunitembelea kuulizia bei za kuku ambao hakununua.

"Mzungu wako apige na sisi," aliniambia.

"Si wangu. Mimi nimepangisha besi."

"Basi wewe mama mwenye nyumba mwambie mpangaji wako."

Nilimwambia. Mdenmark akanionyesha kile kidole, akarudi kupiga peke yake. Ikapita miezi.

Ndipo ilipokuja barua. Lori la posta liliileta Jumatatu moja, naye akaja nayo kwangu mkononi, hata tope hajanawa. Rafiki zake wa bendi ya zamani walikuwa wamepata ukumbi mpya, nao wa ghorofani, na wanataka besi. Anakuja au haji? Wajibiwe upesi, kuna mtu mwingine anasubiri.

"Basi jibu unakwenda," nikasema. Maneno hayo yalinitoka vizuri kuliko nilivyotaka. Nilikuwa nimeshazoea kigoda kinachonguruma.

"Nikifika nisiweze, dada, nitakuwa nimewaharibia. Miaka miwili sijapiga mbele ya watu." Akakunja barua. "Jumamosi fundi ana dansi ukumbi wa welfea. Nitapiga naye. Watu wakicheza, Jumatatu napeleka jibu kwamba naenda. Watu wakikaa, namwachia fundi besi kwa bei yoyote, naongeza mkataba, nabaki na visima."

"Na nani atasema wamecheza au wamekaa?"

"Wewe. Mimi nikiangalia watu nitakosea. Na watu wengine watanidanganya kwa huruma. Wewe hesabu waliokaa kwenye mabenchi. Wakizidi wanaocheza, basi."

Sikuwahi kupewa sifa kubwa kuliko hiyo, kwamba sina huruma. Nikakubali.

Fundi alipopata habari alikuja jioni ileile. Safari hii kuku alinunua mmoja, tena bila kuomba apunguziwe, nikajua kuna jambo.

"Dada yangu," akasema, "ukumbi ule una kona nyingi. Jicho likikosea watu watatu wanne, nani atajua? Bendi inapata besi. Na wewe..." Akatazama chumba cha kuku. "Na wewe unabaki na mpangaji wako."

"Toka kwangu."

"Nimetoka. Lakini umenisikia."

Nilimsikia, ndiyo. Ubaya wa yule fundi ni kwamba alikupima vizuri hata bila futi.

Sasa lije kosa langu. Mdenmark alikuwa analalamika kwamba kiangazi kimeilegeza besi, nyuzi hazikai mahali pake. Jumanne yeye akiwa kisimani, mimi nikawaza: imelegea, na Jumamosi ndiyo roho ya mtu. Kwetu ngoma ikilegea huulizi mtu. Unawasha moto wa mabua, unaiotesha, ngozi inakaza, sauti inarudi. Hakuna mpiga ngoma Singida nzima anayeingia uwanjani na ngoma baridi. Nikawasha mabua uani, nikaileta besi, nikaiegemeza kwenye ukuta na kuiotesha tumbo. Kisha, kwa kuwa mimi sifanyi kazi nusu, nikaigeuza niioteshe mgongo.

Ikalia *ta!* Halafu *ta!* tena. Mgongo wa besi ukaachana na mbavu toka kiunoni mpaka chini, ukafunguka kama mdomo wa mtu aliyeshangaa.

Mama alikuja mbio. Akaangalia besi, akaangalia moto, akaangalia mimi.

"Umeipika," akasema.

Mdenmark aliporudi jioni, nilikuwa nimekaa mlangoni. Sikupamba maneno. Nikamwambia nimeiotesha moto ili ikaze kama ngoma, nayo imepasuka. Akaingia, akakaa chini kwenye manyoya ya kuku, akapitisha ule mkono wenye kidole kifupi kwenye ufa. Nilisubiri atukane kwa zile lugha tatu. Hakutukana hata kwa moja.

"Mji mzima utasema nimefanya makusudi usiende," nikasema.

"Umefanya makusudi?"

"La."

"Basi." Akanusa ufa. "Mbao ni nzima. Gundi ndiyo imeyeyuka. Hii gundi, dada, ni ng'ombe. Ngozi ya ng'ombe iliyochemshwa. Ndiyo maana haipendi moto. Kwetu kuna mafundi wa kazi hii. Huku hakuna."

"Huku hakuna nini? Ng'ombe?"

Akanitazama. Nami nilikuwa nimeshasimama, nafunga kanga.

Asubuhi ya Jumatano nilikuwa machinjioni kabla ya wachinjaji. Nikapatana mabaki ya ngozi na kwato, vipande ambavyo kwa kawaida hupewa mbwa, na yule mchinjaji akanitaka kuku mzima kwa uchafu huo. Nikampa jogoo niliyemchukia. Tukachemsha siku nzima kwa moto mdogo, Mdenmark akikoroga, akipima uzito wake kwa kijiti. Nyumba ilinuka hata jirani wakauliza tumefiwa na mnyama gani. Alasiri ikawa gundi, nzito, rangi ya asali.

Shida ikawa kuibana. Kazi hiyo, akasema, inataka vyuma vya kubania, ishirini au zaidi. Mimi nina vibanio viwili vya kuanikia nguo, na vya mti.

Mama alinyanyuka kigodani. Akaingia ndani, akatoka na kipande cha ngozi mbichi ya ng'ombe kilicholowekwa, bado kina manyoya meusi na meupe. Akakikata kanda ndefu kama zile anazofungia mpini wa jembe au kibuyu kilichopasuka. Gundi ilipopakwa akazungusha kanda kwenye kiuno cha besi, akavuta kwa meno, akazungusha tena. Ngozi mbichi ikikauka inajikunja, inabana kuliko chuma. Upepo wa kwetu na jua la kwetu, vile vilivyoilegeza besi, sasa vikawa vinamfanyia kazi yeye.

"Mwambie," mama akaniambia, "asiiguse mpaka Jumamosi. Na wewe usiisogelee kabisa."

Jumamosi asubuhi mama alikata kanda zote isipokuwa moja ya chini, hapo akasema gundi hana imani nayo. Ufa ulikuwa umefunga. Mdenmark akagonga mgongo kwa kifundo cha kidole, akasikiliza, akaniambia neno moja la Kidenmark. Sikuuliza maana, uso wake ulitosha.

Dansi ilianza saa kumi na moja, jua bado kali madirishani. Boma walishasikia kwamba mzungu atapiga na bendi ya wenyeji, wakakunja uso, lakini hawakuwa na sheria ya kumkataza mtu kusimama karibu na fundi cherehani. Mimi nikakaa benchi la mlangoni na mama. Nikahesabu walioingia: sabini na wanane. Nikarudia: sabini na wanane, mmoja akiwa na mtoto ambaye sikumhesabu.

Wimbo wa kwanza, waliokaa arobaini na tisa.

Nilirudia nikitaka nimekosea. Arobaini na tisa. Na sababu ilisikika wazi: Mdenmark alikuwa amefumba macho, anakificha kidole, na kwenye wimbo mlikuwa na matundu. Watu wanainuka, wanafika kwenye tundu, mguu unakosa pa kutua, wanarudi kukaa.

Wimbo wa pili, hamsini na mmoja.

Fundi akanitazama juu ya gitaa lake akitabasamu kwa upole. Hakuna aliyehitaji kukosea watu watatu wanne. Ilinibidi niseme kweli tu, na mpangaji wangu angebaki. Sijivuni na nilichohisi dakika ile. Nilifurahi. Halafu nikamwona anafuta jasho kwa kiwiko, hataki kuachia shingo ya besi hata kidogo, na furaha ile ikanitoka.

Akaniita kwa kichwa. Nikaenda.

"Ngapi?"

"Hamsini na mmoja. Kati ya sabini na wanane."

Akaitikia polepole. Nyuma yangu mama alikuwa amenifuata, akasema kitu kwa Kinyaturu, kwa sauti, watu wa mabenchi ya mbele wakacheka.

"Anasema nini?"

"Anasema..." Nikapatana na nafsi yangu kama nimpe punguzo. Sikumpa. "Anasema zeze lako linatembea kama kuku aliyefungwa mguu mmoja. Anauliza hicho kidole unamfichia nani, sote tumekiona."

Alicheka. Alicheka mpaka akaegemea besi. Kisha akamwambia fundi aanze.

Wimbo wa tatu alikitumia. Kwa kuwa kilikuwa kifupi hakikufika kwenye uzi sawasawa. Kilitereza, kikavuta sauti toka chini kwenda juu, ikatoka kama fahali anayeguna akiona lango limefunguliwa. Haikuwa sauti ya kwao, na ya kwetu haikuwa. Lakini kila mtu wa Singida anamjua fahali huyo. Benchi la mbele likainuka lote. Nikahesabu waliokaa thelathini, nikarudia wakawa ishirini na watatu, maana walikuwa wanainuka huku nahesabu. Wimbo wa nne, tisa. Sakafu ya udongo ikatimka vumbi, mtu akainyunyizia maji, wimbo wa tano ikanyunyiziwa tena. Mwishoni mama naye akaniachia mkoba wake, akaingia kati akitingisha mabega kama hana miaka sabini.

Muziki uliponyamaza Mdenmark akaja kwangu moja kwa moja, shati limemganda mgongoni.

"Ngapi?"

"Mmoja."

"Nani?"

"Mimi."

"Kwa nini hukucheza?"

"Umenipa kazi," nikasema. "Ningehesabu saa ngapi?"

Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akasahau kuuachia, na mimi sikumkumbusha.

Barua ya jibu ilipanda lori Jumatatu. Mwenyewe alipanda baada ya miezi miwili, mkataba wake ulipokwisha na kisima cha mwisho kilipotoa maji. Dereva wa lori la Dodoma, niliyemuuzia kuku miaka yote, akaitazama besi na kunionyesha juu ya magunia ya karanga.

"Ikae huko juu, dada."

"Haikai juu. Inakaa mbele na wewe."

"Mbele ni kwa abiria."

"Huyu ni abiria. Ameishi kwangu zaidi ya mwaka, hajawahi kukosa adabu. Wewe umewahi kusema hivyo juu ya abiria wako yupi?"

"Na mzungu nimweke wapi? Mbele nina nafasi moja."

Nikamgeukia Mdenmark. Alikuwa ameshaelewa, anapanda magunia, kofia imegeuzwa. Tukaiingiza besi mbele, shingo nje ya dirisha, nikaifunga kanga yangu mabegani ili vumbi lisiingie. Dereva akalalamika, kisha akauliza mwisho wa safari wanakwenda wapi.

"Ghorofani," nikamwambia. "Endesha taratibu."